Luteni Cameron na Sindano ya Dira



Aliyesoma Tabora hukosi kusikia habari za Kwihara, na huwataja Livingstone na Stanley. Napenda kumkumbuka mgeni wa tatu wa nyumba ile, Luteni Verney Lovett Cameron wa Jeshi la Majini la Uingereza.

Alizaliwa mwaka 1844, akaingia baharini akiwa mtoto wa miaka 13. Huko alifundishwa jambo ambalo mabaharia walilijua tangu zaidi ya miaka 200 nyuma: sindano ya dira haielekei kaskazini halisi, na tofauti hiyo hubadilika kadiri miaka ipitavyo. Mjini London, mwaka 1580 sindano ilipotoka kuelekea mashariki kwa digrii 11 hivi. Kufikia mwaka 1820 ilipotoka magharibi kwa digrii 24. Sababu ni chuma kilichoyeyuka ndani kabisa ya dunia, ambacho hakitulii. Ndiyo maana nahodha hupima jua au nyota, hulinganisha na dira, kisha huandika tofauti pamoja na tarehe.

Ujuzi huo Cameron aliuleta bara. Machi 1873 aliondoka Bagamoyo kwa njia ya misafara, akafika Unyanyembe Agosti. Homa ilimlaza, nusura apofuke. Tarehe 20 Oktoba Chuma aliwasili na habari ya kifo cha Livingstone. Cameron alishauri maiti izikwe huku bara. Susi na Chuma walikataa, wakaifikisha pwani. Yeye alichukua vipimo vya marehemu, akaenda Ujiji, akachora kusini mwa Ziwa Tanganyika, na Mei 1874 akauona mto Lukuga ukitoka ziwani. Novemba 1875 aliifikia Atlantiki, huko Angola. Alifariki mwaka 1894 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi.

Hakuwa malaika: alitaka Uingereza ilitwae bonde la Kongo. Hata hivyo, vipimo vyake vina tarehe, na kwa hiyo vinasomeka hadi leo.

Katika kazi yangu ya ardhi nimeona majirani wakigombania mpaka kwa karatasi ya zamani yenye mwelekeo wa dira lakini isiyo na mwaka. Digrii moja tu, katika kilomita 10, hukupeleka pembeni mita 175 hivi. Shamba la mtu limekwisha hapo. Vijana, mkipima, andikeni tarehe. Sindano itahama, maandishi yenu yabaki.