Sayyid Said bin Sultan na Jambia la Fedha: Njia ya Kulifungua Somo

Mwalimu mwanafunzi atakayepangiwa Moa, au kijiji kingine cha pwani ya Tanga, hana budi siku moja kufundisha habari za Sayyid Said bin Sultan. Desturi ni kuanzia na karafuu. Afadhali aanze na jambia, kwani watoto hukumbuka chombo kabla ya tarehe.

Sayyid Said alizaliwa Oman mwaka 1791. Baba yake aliuawa mwaka 1804. Miaka miwili baadaye kijana huyo alimshambulia kwa silaha binamu yake Badr bin Saif, aliyekuwa ameshika hatamu za nchi, na Badr akauawa. Ndivyo alivyojipatia utawala. Jambo hili lisifichwe darasani.

Jambia la Kiomani ni kisu kilichopinda, lakini ustadi mkubwa uko kwenye mpini na ala. Sonara huvuta fedha hata iwe uzi mwembamba, kisha huufuma juu ya ala. Mipini ya thamani ilichongwa kwa pembe ya kifaru, mali iliyotoka bara yetu ya Afrika. Aina iitwayo Saidi, kwa jina la ukoo wake, ina pete saba na mpini uliofunikwa kwa fedha yenye nakshi. Mapokeo ya Oman husema kwamba umbo hilo lilibuniwa na mkewe, binti wa kifalme wa Uajemi. (Mwalimu alichore ubaoni. Pete saba zitawapa wadogo hesabu bila gharama.)

Mwaka 1837 aliwashinda Wamazrui wa Mombasa, na pwani waliyoisimamia hadi Pangani, Moa ikiwemo, ikawa chini yake. Akafanya makao Unguja, ambako mikarafuu ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akirejea kutoka Oman.

Masonara walipata fedha yao kwa kuyeyusha reale za Maria Theresa, sarafu za Austria. Reale hizo zilipita pwani kulipia pembe za ndovu, karafuu na watu. Wanafunzi wa darasa la sita waifuate reale moja mpaka kwenye ala ya jambia, wakimtaja kila mtu iliyempitia. Wengi watamtaja sonara. Atakayemtaja mtumwa apewe nafasi ya kusema kwanza.