Guy de Maupassant, karani aliyefunzwa kuangalia

Wengi wetu tulikutana na jina la Guy de Maupassant ku masomo, wakati wa somo la Kifaransa. Lakini je, unajua ni nani alimufunza kuandika?

Alizaliwa tarehe 5 Agosti 1850 huko Normandie, kaskazini mwa Ufaransa. Kisha vita ya 1870, alienda Paris kufanya kazi ya karani katika wizara ya jeshi la majini. Kazi ile ilimuchosha sana. Mama yake, Laure, alikuwa rafiki wa tangu utoto wa mwandishi mukubwa Gustave Flaubert, na huyu alimupokea kijana sawa vile mutoto wake.

Kwa miaka 7 Maupassant alimupelekea mashairi na hadithi. Flaubert alisoma yote, na siku ya yenga iliyofuata, wakiwa mezani, alimuonyesha makosa.

Somo lenyewe ni hili. Alimutuma aangalie muuza duka aliyeketi mulangoni, mulinzi wa nyumba anayevuta kiko, ao farasi wa gari la kukodi. Kisha aandike kwa maneno machache, mpaka musomaji asichanganye farasi yule na wengine 50 wanaosimama naye. Ukisema farasi tu, bado hujaonyesha kitu. Ukirundika sifa kumi, vilevile. Unatafuta ile sifa moja ambayo wengine hawana.

Kwetu Goma tungesema: usiandike chukudu tu. Andika chukudu ile ya mbao, yenye gurudumu la mbele lililopasuka, inayoshuka na magunia matatu ya makala. Lile gurudumu lililopasuka njo linaitenga na zingine zote.

Mwezi wa Aprili 1880 hadithi yake *Boule de Suif* ilitoka, na jina lake likajulikana mara moja. Flaubert alikuwa ameisoma mbele na kuisifu sana. Tarehe 8 Mei mwaka uleule, mwalimu akafariki.

Kutoka pale Maupassant aliandika hadithi fupi karibu 300 na riwaya 6. Mwaka wa 1888, mwanzoni mwa riwaya *Pierre et Jean*, alieleza somo la mwalimu wake ili wengine walipate. Ugonjwa wa kaswende ulimuharibu akili, na alikufa Paris tarehe 6 Julai 1893, akiwa na miaka 42.

Leo ukipita njiani, chagua kitu kimoja, ukiangalie mpaka uone kile kinachokitenga na vingine.