Mtoto wa Kinyozi Aliyetunga Haleluya

Mwaka jana kamati iliposoma bajeti ya Sande Skuli kulikuwa na mstari wa fidla mbili na tarumbeta moja. Mimi ndiye niliyeukata. Nilisomea biashara, na swali langu huwa moja tu: hii pesa itarudi vipi? Watoto wa Kayole, nikasema, wanataka karo na chakula kwanza. Kamati ikakubali, tukaenda kwa ajenda ya vyoo.

Tangu hapo nimesoma maisha ya George Frideric Handel, yule wa ile Haleluya ambayo watu husimama ikiimbwa. Hesabu yangu imeanza kunisumbua.

Alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685. Baba yake alikuwa kinyozi na pia mpasuaji wa wagonjwa (siku hizo ilikuwa kazi moja, msiniulize), na alitaka kijana awe wakili. Inasimuliwa kwamba mtoto alificha kinanda kidogo darini akajifunza kisiri, mpaka mtawala mmoja alipomsikia akipiga kinanda cha kanisa, akamsihi mzee amwachie. Basi akapelekwa kwa Zachow, mpiga kinanda wa kanisa pale mjini, akafunzwa kinanda, fidla na obo.

London alifika mwaka 1710, akaingia biashara ya opera. Hapo nilimwelewa sana. Waimbaji kutoka Italia wa mishahara mikubwa, halafu kampuni pinzani ikafunguliwa, wateja ni wale wale. Mwaka 1737 mkono wake wa kulia ukapooza. Alipona. Opera yake haikupona.

Mwaka 1741, akiwa na miaka 56, akaandika Messiah kwa siku 24 hivi. Ilipigwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 13, 1742, na mapato yakaenda kwa hospitali mbili na kwa watu waliofungwa kwa sababu ya madeni. Wafungwa 142 wakatoka jela. Jameni, ninyi mnaojua kudaiwa hapa mtaani, hebu fikirieni huo mlango ukifunguliwa.

Tena kulikuwa na nyumba ya watoto waliotupwa pale London. Handel akawapa kinanda cha kanisa lao, na kuanzia 1750 Messiah ikapigwa pale kila mwaka kuwachangia. Macho yakapofuka, bado alikuwa anakuja. Alipofariki mwaka 1759, wosia wake uliwaachia nakala ya Messiah yenyewe, ili waendelee kuipiga. Waliipiga hadi 1777, ikawaletea karibu pauni 7,000.

Na msiseme hayo ni ya Wazungu. Pale Korogocho, watoto wa Ghetto Classics wanashika fidla na tarumbeta tangu 2008.

Jumatano naurudisha ule mstari mbele ya kamati. Wakiniuliza pesa itarudi vipi, jibu la kuandika kwa kitabu cha hesabu bado sina. Wazazi, Jumapili baada ya ibada ya pili waacheni watoto wabaki kidogo. Kuna kijana anakuja na fidla yake, na amekubali waishike.