JAN INGENHOUSZ, DAKTARI ALIYEYACHUNGUZA MAJANI

Katika nchi ya Uholanzi upo mji uitwao Breda. Huko ndiko alikozaliwa Jan Ingenhousz, tarehe 8 Desemba, mwaka 1730. Alipokuwa kijana alikwenda kujifunza utabibu katika chuo kikuu cha Leuven, akapata cheo cha daktari mwaka 1753. Kisha akarudi kwao, akawatibu watu wa mji wake kwa miaka mingi. Baada ya kufiwa na baba yake alivuka bahari akaenda Uingereza, ili ajifunze zaidi.

Zamani hizo ugonjwa wa ndui uliua watu wengi katika Ulaya, kama ulivyoua wengi katika Afrika pia. Chanjo iliyo salama ilikuwa haijapatikana bado. Madaktari wachache walichukua usaha kidogo katika kipele cha mgonjwa wa ndui, wakamchanja nao mtu mwenye afya. Mtu huyo aliugua kidogo, kisha akapona, na ndui haikumshika tena. Lakini hatari ilikuwapo, kwa maana mara nyingine aliyechanjwa aliugua sana, hata akafa. Ingenhousz alijifunza kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, akawachanja watu wengi wa vijijini.

Wakati huo Maria Theresa, malkia wa Austria, alikuwa katika huzuni kuu, kwa sababu ndui ilikuwa imewaua baadhi ya watoto wake, na yeye mwenyewe aliponea chupuchupu mwaka 1767. Akaomba daktari kutoka Uingereza, na mwaka 1768 Ingenhousz akapelekwa Vienna. Kazi hiyo ilikuwa nzito. Kama mtoto mmoja wa malkia angalikufa mikononi mwake, yeye angaliaibika, na watu wengi wangaliogopa kuchanjwa. Hata hivyo hakurudi nyuma. Aliwachanja watoto wa jumba la kifalme, nao wote wakapona. Malkia akafurahi, akamfanya daktari wa jumba lake, akampa mshahara wa kila mwaka kwa maisha yake yote.

Tangu siku hiyo angaliweza kukaa raha mustarehe. Lakini moyo wake ulipenda kujua mambo ya viumbe, wala hakuona raha katika uvivu.

Katika miaka hiyo Mwingereza mmoja, Joseph Priestley, alikuwa amegundua jambo la ajabu. Mshumaa ukiwashwa ndani ya chombo cha kioo kilichofunikwa, baada ya kitambo huzimika, na panya akitiwa humo hufa, kwa kuwa hewa imeharibika. Mwaka 1771 Priestley aliweka kitawi cha mnanaa katika hewa kama ile. Baada ya siku kadha wa kadha mshumaa ukaweza kuwaka humo tena. Basi ilionekana kwamba mmea ulikuwa umeitengeneza hewa. Lakini wengine walipojaribu, waliona kinyume, yaani mimea yao iliiharibu hewa badala ya kuitengeneza. Hata Priestley mwenyewe hakupata jibu lile lile kila mara. Hakuna aliyejua sababu.

Mwaka 1779 Ingenhousz alikuwa Uingereza tena. Akapanga nyumba shambani karibu na London, na katika kiangazi kimoja alifanya majaribio zaidi ya 500. Alitia majani mabichi katika vyombo vya kioo vilivyojaa maji, akaviweka juani. Mara mapovu madogo madogo ya hewa yakatokea juu ya majani. Akaikusanya hewa ile, akatia moto ndani yake, nao ukawaka kwa nguvu sana. Alipoviweka vyombo gizani, hewa ile njema haikutoka tena. Akajaribu kuyapa majani joto la moto pasipo nuru, lakini hayakutoa kitu. Ndipo alipofahamu kwamba linalofanya kazi ni nuru ya jua, wala si joto lake.

Aliona pia kwamba sehemu za kijani tu, yaani majani na mashina mabichi, ndizo zitoazo hewa njema. Mizizi na maua haiwezi. Usiku mmea wote huiharibu hewa kidogo, kama wafanyavyo wanyama, lakini wema wa mchana wapita sana ubaya wa usiku. Hivyo fumbo likafumbuliwa. Wale waliobishana walikuwa wamesema kweli wote, ila hawakuangalia kama mmea ulikuwa katika nuru au katika giza. Mwaka ule ule akatoa kitabu kueleza habari hizo.

Ingenhousz alikufa Uingereza tarehe 7 Septemba, mwaka 1799. Wataalamu wengine wakaendelea na kazi yake. Ilijulikana kwamba hewa ile njema ni oksijeni, lakini kwa muda mrefu haikuwa wazi inatoka wapi. Mwaka 1941 wataalamu wa Berkeley, Marekani, waliipa mimea midogo maji yenye oksijeni nzito kuliko ya kawaida, na oksijeni ile nzito ikaonekana katika hewa iliyotolewa. Basi ikathibitika kwamba yatoka katika maji. Maji yana vitu viwili, haidrojeni na oksijeni. Jani hunasa nguvu ya nuru, na kwa nguvu hiyo maji hupasuliwa. Haidrojeni hubaki ili itumike pamoja na hewa ya kaboni katika kufanyiza sukari, chakula cha mmea. Oksijeni hutoka nje kwa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu.

Katika mashamba ya Bariadi, pamba na mahindi yakiisha kuota, kila jani bichi hufanya kazi hiyo tangu macheo hata machweo. Ng'ombe walishao karibu na mto Simiyu, na wachungaji wao, huvuta oksijeni iliyotoka katika majani. Mwanafunzi atakaye kuona mwenyewe na achukue majani yaotayo chini ya maji, ayatie katika bilauri iliyojaa maji ya mtoni, aiweke juani. Ataona mapovu yakipanda. Kisha na aiweke gizani, aangalie tofauti.

Ingenhousz alipata heshima kwa malkia, lakini faida yake kubwa kwa watu wote ilitokana na subira. Mambo aliyoyatazama yalikuwa mbele ya macho ya kila mtu, ila yeye aliyarudia mara mamia, mchana na usiku, mpaka kweli ikaonekana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.