Maisha ya Marconi na Ugomvi wa Hewani

Mhariri wa gazeti letu aliniagiza niandike habari za mtu maarufu wa zamani, nami nimemchagua Guglielmo Marconi, aliyeifanya simu ya upepo ivuke bahari. Najua wengi walitazamia niandike juu ya kiongozi wa nchi au mchezaji wa mpira. Nina sababu yangu, na nitaieleza mbele kidogo, ingawa kuieleza kwanitia haya.

Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili, 1874, katika mji wa Bologna, nchi ya Italia. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba, na mama yake, Annie Jameson, alikuwa mwanamke wa Ireland, wa jamaa ya watengenezaji wa wiski. Hakusoma shule kama tunavyosoma sisi. Alifundishwa zaidi na walimu wa kuajiriwa, na Chuo Kikuu cha Bologna hakikumpokea kuwa mwanafunzi. Nawaomba wenzangu wa Kidato cha Nne wasiifanye habari hii kuwa kisingizio, kwa maana yeye alikuwa na bahati tusiyo nayo: profesa wa fizikia, Augusto Righi, alikuwa jirani yao, naye akamruhusu kuingia katika maabara yake.

Mwaka 1894 alisoma habari za Heinrich Hertz, Mjerumani aliyekufa mwaka ule ule akiwa na umri wa miaka 36 tu. Hertz alikuwa ameonyesha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana, yapitayo hewani bila waya. Wataalamu wengi waliyaona kuwa jambo la ajabu la maabara, basi. Kijana Marconi akawaza kuyatumia kupelekea simu. Akajifungia katika chumba cha juu cha nyumba ya baba yake, akafanya kazi usiku na mchana, na mwaka 1895 akafaulu kupeleka ishara mwendo wa kilomita 2 hivi, ng'ambo ya kilima. Kaka yake, Alfonso, alikuwa upande wa pili na bunduki, na ishara ilipofika akafyatua risasi hewani ili mdogo wake ajue.

Mwaka uliofuata alikwenda London pamoja na mama yake. Huko alisaidiwa na William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza. Mwezi Mei, 1897, simu yake ilivuka maji ya Mlango wa Bristol, na mwezi Machi, 1899, ilivuka kutoka Ufaransa mpaka Uingereza. Kampuni yake ilikwisha kuanzishwa mwaka 1897, wakati alipokuwa na umri wa miaka 23.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mtambo wa cheche ni mfano wa mtu apigaye debe bovu: sauti yake si moja, ni mchafuko wa sauti nyingi, na kila aliye karibu huisikia apende asipende. Maadamu mtambo ni mmoja tu katika nchi, hakuna neno. Mitambo ikiwa miwili, mpokeaji husikia yote miwili kwa pamoja, naye hawezi kutenga herufi za huyu na za yule. Watu walianza kusema kwamba simu ya upepo haitafaa kitu, kwa kuwa hewa ni moja na wasemaji watakuwa wengi.

Dawa yake twaweza kuiona katika bembea. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea bila kufuata mwendo wake, bembea haiendi mbali. Ukisukuma sawasawa na mwendo wake, hata msukumo mdogo huipandisha juu. Koili ya waya na kapasita zikiunganishwa hufanya bembea ya umeme, nayo ina mwendo wake. Mpokeaji akiilinganisha bembea yake na ya mpelekaji, atayapokea mawimbi ya mpelekaji huyo kwa nguvu, na mawimbi ya wengine yenye mwendo tofauti yatampita. Mwingereza Oliver Lodge alitangulia katika jambo hili, akaomba hati ya uvumbuzi mwaka 1897. Marconi alipata hati yake mwaka 1900, nayo ikawa mashuhuri kwa namba yake, 7777. Sipendi kumpa Marconi sifa isiyo yake peke yake. Kampuni yake yenyewe iliinunua hati ya Lodge mwaka 1911, na mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba katika jambo hili la kulinganisha mitambo wako waliomtangulia.

Lakini hati ni karatasi, na hewa ni hewa. Mwaka 1901 palikuwa na mashindano ya mashua za tanga karibu na New York, na makampuni kadhaa yalipeleka mitambo yao baharini ili kila moja iwe ya kwanza kutoa habari. Wote wakapiga kwa wakati mmoja. Ishara zikagongana hata huko nchi kavu isisomeke habari ya maana. Tarehe 12 Desemba mwaka huo huo, Marconi alikaa juu ya kilima huko Newfoundland, waya wake ukiwa umeinuliwa na tiara katika upepo mkali, akasikia nukta tatu za herufi S zilizopigwa kutoka Poldhu, Uingereza, zaidi ya kilomita 3,000. Hata leo wako wataalamu wanaotia shaka kama kweli alizisikia. Na ajabu ni kwamba siku ile hakuweza kutumia kipokezi cha kulinganishwa, kwa sababu tiara iliyumba na kuharibu ulinganifu kila dakika.

Mwezi Juni, 1903, alipata aibu. Profesa Fleming, mshauri wake, alikuwa akionyesha simu hiyo mbele ya watu wakubwa wa London, na Marconi alikuwa mbali huko Poldhu akijitayarisha kupeleka salamu. Kabla ya salamu kufika, mtambo ukaanza kuandika neno la kejeli mara nyingi, kisha maneno ya kumcheka kijana wa Kiitaliano. Mchezaji mazingaombwe mmoja, Nevil Maskelyne, alikuwa ameweka mtambo wake jirani, akaingilia makusudi. Fleming alikasirika mno. Mimi nilicheka niliposoma habari hizi, lakini nadhani Maskelyne alikuwa na haki kwa sehemu: watu walikuwa wakiambiwa kwamba ukilinganisha mtambo hapana awezaye kuingilia, naye akaonyesha kwamba yawezekana.

Kosa la Marconi ambalo naliona kubwa zaidi ni jingine. Kampuni yake iliwakataza wapiga simu wake kuzungumza na meli zenye mitambo ya makampuni mengine, ila kwa hatari tu. Alitaka dunia yote itumie mitambo yake. Nchi nyingi zikaona kwamba hili halifai, zikakutana Berlin mwaka 1903, na tena mwaka 1906, zikapatana kwamba vituo vya pwani na meli vipokeane simu bila kuuliza mtambo ni wa nani. Ziliweka pia wimbi la mita 300 na la mita 600 kwa simu za watu wote. Wimbi la mita 600 hutikisika mara 500,000 kwa sekunde moja; mwenye kutaka na ahesabu mwenyewe kwa mwendo wa mwanga. Mwaka 1909 Marconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun.

Sasa nafika kwenye sababu yangu. Mhula uliopita tulikuwa na mbio za nyika. Tuliazimwa simu za upepo za mkononi, nami nikapewa moja mwisho wa njia, niwe nikimtajia Mwalimu majina ya washindi. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili alikuwa na nyingine huko mtoni. Alikatiza maneno yangu mara ya kwanza, nikamwambia angoje. Alikatiza mara ya pili, nikamkemea kwa ukali aondoke hewani, kwa kuwa sisi wakubwa tulikuwa na kazi. Akatii, akanyamaza. Baada ya muda mrefu mtu alikuja mbio kwa miguu, akasema mtoto wa Kidato cha Kwanza ameanguka kwa jua kali na hana fahamu. Alipelekwa zahanati akapona, nashukuru. Wala hapana aliyenilaumu, maana hakuna aliyejua nilichosema isipokuwa yule wa mtoni, na yeye hakusema. Nayaandika hapa ili ajulikane kwamba yeye alitimiza kazi yake.

Majuma mawili baadaye, katika maktaba, nilisoma habari za meli ya Titanic, nikaacha kitabu nikatoka nje. Wapiga simu wa meli ile, Jack Phillips na Harold Bride, walikuwa watu wa kampuni ya Marconi. Mtambo wao ulikuwa umeharibika na kutengenezwa, basi simu za abiria zilikuwa zimerundikana. Usiku wa tarehe 14 Aprili, 1912, Phillips alikuwa akizipeleka kituo cha Cape Race, Newfoundland, ambacho ishara zake zilikuwa hafifu. Mara meli Californian, iliyokuwa karibu, ikaingia kwa sauti kubwa. Mpiga simu wake, Cyril Evans, alitaka kueleza kwamba wamesimama, barafu imewazunguka. Phillips akamwambia anyamaze, ana kazi na Cape Race. Evans akasikiliza kidogo, kisha akazima mtambo, akalala, kwa kuwa alikuwa kazini tangu asubuhi. Dakika chache baadaye, saa 5.40 usiku, Titanic iligonga barafu. Watu zaidi ya 1,500 walikufa. Phillips alipiga simu za kuomba msaada mpaka karibu na mwisho, naye akafa pamoja nao. Meli Carpathia, ambayo mpiga simu wake alikuwa bado hajalala, ilisikia ikaja kuokoa watu 700 na zaidi.

Watu humsifu Phillips na wengine humlaumu. Mimi siwezi kumlaumu. Pale hapakuwa na njia mbili, moja ya salamu za abiria na moja ya hatari. Vyote vilipita mlango mmoja, na mwenye sauti ya karibu alimfunika wa mbali. Vyombo vya intaneti isiyo na waya vya siku hizi vimetengenezwa vifanye nisilolifanya mimi: husikiliza kwanza, na vikikuta njia ina msemaji hungoja kitambo, kisha hujaribu tena. Tena masafa yamegawanywa na serikali, haya ya ndege, haya ya meli, haya ya redio, na hapa Tanzania kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Ugawaji huo ulianza kwa nguvu baada ya msiba ule. Mwaka 1912 Marekani ilitunga sheria kwamba mpelekaji lazima awe na leseni, na wapenzi wa redio wakasukumwa kwenye mawimbi ya mita 200 na mafupi zaidi, yaliyodhaniwa hayafai kitu. Baadaye ikawekwa desturi baharini kwamba mara mbili kila saa, kwa dakika 3, wapiga simu wote wa wimbi la mita 600 wanyamaze wasikilize kama yuko aliye hatarini. Desturi hiyo ilidumu mpaka simu za namna ile zilipoachwa mwishoni mwa karne ya 20.

Na yale mawimbi mafupi yaliyodharauliwa? Marconi mwenyewe aliyarudia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akiyajaribu katika meli yake, Elettra. Akaona kwamba hufika mbali sana kwa nguvu kidogo, na kwamba yaweza kuelekezwa upande mmoja kama mwanga wa tochi, hata anayeelekea Kanada asimsumbue anayeelekea Australia. Kuanzia mwaka 1926 Uingereza ilizungumza na makoloni yake kwa njia hiyo.

Ya nyumbani kwake nitayapitia upesi. Alioa mara mbili, alipoteza jicho la kulia katika ajali ya motokaa mwaka 1912, na mwaka 1923 alijiunga na chama cha Mafashisti cha Mussolini, akapewa vyeo. Walimu wangu wa Historia wameniambia nisilifiche hilo, nami silifichi.

Alikufa Roma tarehe 20 Julai, 1937, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 63. Siku ya pili yake, kwa heshima yake, vituo vya redio na vya simu ya upepo vya Uingereza vilinyamaza kwa dakika 2.