Schwartz, mhariri aliyefufua mashujaa wa katuni

MASHUJAA wa katuni hawazeeki, lakini wasomaji wao huchoka. Julius Schwartz aliishi na tatizo hilo kwa zaidi ya miaka 40 katika kampuni inayojulikana leo kama DC, jijini New York. Hakuwa mchoraji wala mtunzi. Alikuwa mhariri.

Alizaliwa Juni 19, 1915 huko Bronx, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Romania. Kabla ya katuni alikuwa wakala wa waandishi wa hadithi za sayansi, akiwatafutia majarida ya kununua kazi zao. Ray Bradbury alikuwa mmoja wa wateja wake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mashujaa wengi walikosa wanunuzi. Kitabu cha Flash, mtu mwenye mbio za ajabu, kilifungwa mwaka 1949. DC ilipoamua kumrudisha mwaka 1956, kazi ilimwangukia Schwartz. Njia rahisi ilikuwa kumtoa kabatini yule yule wa zamani. Yeye alibakiza jina na mbio tu; mtu, vazi na kazi vikaanza upya. Robert Kanigher aliandika, Carmine Infantino akachora. Flash mpya, Barry Allen, alikuwa mwanasayansi wa polisi, tena msomaji wa katuni za Flash wa kwanza.

Kitabu kikapendwa. Zikafuata Green Lantern mpya mwaka 1959 na Justice League mwaka 1960. Mwaka 1961, katika hadithi ya Gardner Fox, Flash wawili wakakutana, kila mmoja akiwa na dunia yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote: wa zamani alirudishiwa uhai wake bila mpya kuondolewa.

Mwaka 1964 alikabidhiwa Batman, ambaye mauzo yake yalikuwa yameshuka. Aliwaondoa viumbe wa sayari nyingine waliokuwa wamejaa humo, akarudisha upelelezi, akaweka duara la njano kifuani mwa shujaa. Kisha akamuua Alfred, mtumishi wa Batman. Hapo alikata mzizi. Watu wa televisheni walipoandaa mfululizo wao wa 1966 walimtaka Alfred, na Schwartz akalazimika kumfufua.

Kwa Superman, mwaka 1971, alithubutu zaidi. Mawe yote ya kryptonite duniani yaliharibiwa, Superman akapunguziwa nguvu, na Clark Kent akatoka gazetini kwenda kutangaza kwenye televisheni. Haukupita muda mrefu nguvu zikarudi, na mawe pia.

Mara nyingi jalada lilichorwa kwanza, likiwa na fumbo lisiloelekea kuwa na jibu, halafu mwandishi akatakiwa kulitafuta. Tena alichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Wakaanza kuandikiana, na mtandao wa mashabiki ukakua kutokana na kurasa hizo.

Aliuachia usukani wa Superman mwaka 1986, akafariki Februari 8, 2004 akiwa na miaka 88. Barry Allen alikuwa ameshauawa katika hadithi ya 1985, na vazi lake kurithiwa na msaidizi wake, Wally West. Mwaka 2008 DC ikamrudisha Barry.