Breguet, fundi aliyeficha jina lake usoni pa saa

Siku hizi wako watu, mafundi na wasio mafundi, walioingiwa na mapenzi ya kujiundia saa za mkono kwa mfano wa saa za kale. Mtu hununua mashine ya saa peke yake, akaitafutia kasha, kioo, uso na akrabu, kisha akaviunganisha kimoja kimoja kwa koleo ndogo na kioo cha kukuzia. Akisha kuimaliza, haimtoshi kuwa saa inakwenda. Huitaka pia ionekane imekula chumvi nyingi. Basi uso huupaka maji ya chai au ya kahawa upate rangi ya kizee, kasha hulikwaruza kidogo ung'aro wa dukani uondoke, na zile namba za kung'aa gizani huzitia rangi iliyochujuka kana kwamba zimepigwa na jua miaka arubaini.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama kazi hiyo ni heshima kwa mafundi waliotangulia au ni wizi wa jasho lao. Ni swali zuri, na mimi naona jawabu lake limo katika maisha ya mtu mmoja aliyekufa miaka mia mbili iliyopita, ambaye katika mafundi wa saa ndiye aliyeigwa kuliko wote. Jina lake ni Abraham-Louis Breguet. Hata msomaji asiyepata kulisikia jina hilo huenda amekwisha kuiona kazi yake: zile akrabu nyembamba za rangi ya samawati, zenye kijiduara kitupu karibu na ncha, ni yeye aliyezibuni yapata mwaka 1783, na mpaka leo mafundi wa dunia nzima huziita kwa jina lake.

Breguet alizaliwa tarehe 10 Januari 1747 huko Neuchâtel, nchi ambayo leo imo ndani ya Uswisi. Babake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka 11 tu. Mamake akaolewa tena na Joseph Tattet, mtu wa ukoo wa mafundi wa saa, na hivyo ndivyo yatima yule alivyoingia katika kazi ambayo hakuiacha mpaka kufa kwake. Mwaka 1762 alipelekwa Ufaransa kufundishwa, akakaa Versailles na Paris, mchana akishika tupa na koleo, na wakati mwingine akisoma hesabu katika Collège Mazarin kwa mwalimu aliyeitwa Padre Marie. Elimu hiyo ya hesabu ilimfaa sana, kwani mafundi wengi wa zama zake walijua kukata meno ya gurudumu, walakini wachache walijua kueleza kwa nini gurudumu lile linachelewa.

Mwaka 1775 alioa, na mwaka huo huo akafungua karakana yake katika Quai de l'Horloge, kwenye kisiwa kilichoko katikati ya mto unaopita Paris. Kufumba na kufumbua jina lake lilifika kwa wafalme. Yapata mwaka 1780 aliunda saa ya mfukoni isiyohitaji kutiwa ufunguo: ndani yake mlikuwa na uzito uliocheza mwenye saa anapotembea, na mchezo ule ukaikaza kamani. Mwaka 1783 akaondoa kengele katika saa za kugonga, mahali pake akatia uzi wa chuma uliozungushwa kandokando ya mashine, na saa ikawa nyembamba na sauti yake ikawa tamu. Tukumbuke kwamba wakati huo hapakuwa na taa ya kubonyeza. Mtu aliyeamka usiku wa manane alibonyeza saa yake, ikamgongea, akajua ni saa ngapi bila ya kuwasha mshumaa. Baadaye, mwaka 1799, alitoa na saa ya kupapasa, ambayo mwenyewe aliweza kuisoma kwa kidole ikiwa mfukoni.

Mwaka 1783 huo huo ililetwa kwake kazi ya ajabu. Askari mmoja wa walinzi wa malkia aliagiza saa kwa ajili ya Malkia Marie-Antoinette, kwa sharti kwamba iwe na kila ufundi uliojulikana, na kila panapowezekana pawe dhahabu badala ya madini mengine. Gharama haikuwekewa mpaka, wala muda. Saa hiyo ilipewa namba 160 katika madaftari ya Breguet. Walakini yakaja mapinduzi ya Ufaransa, na malkia akakatwa kichwa mwezi wa Oktoba 1793 bila ya kuiona. Breguet mwenyewe, kwa kuwa aliuza saa kwa watu wa jumba la kifalme, alikuwa hatarini. Yasimuliwa kuwa aliyemsaidia kupata hati ya kutoka Paris ni Marat, mmoja wa wakali wa mapinduzi yale, ambaye alikuwa rafiki yake na mtu wa kwao. Akarudi Uswisi, akakaa huko takriban miaka miwili.

Aliporejea Paris mwaka 1795 aliikuta karakana yake imeharibika, akaanza upya. Waama ni katika miaka hiyo ya baada ya dhiki ndipo yalipotoka makubwa yake. Aliikunja juu ncha ya ile kamani nyembamba kama unywele ili ipumue sawasawa pande zote, na mpaka leo kamani za namna hiyo huitwa za Breguet. Kisha, tarehe 26 Juni 1801, akapewa hati ya uvumbuzi wa kile kiitwacho turbiyoni. Mambo yake ni hivi: saa ya mfukoni hukaa wima siku nzima, na uzito wa ardhi huivuta mashine upande mmoja, ikaenda mbio au ikachelewa. Breguet aliuchukua moyo wote wa saa akautia ndani ya kizimba kidogo kinachozunguka polepole, hata kosa la upande huu likafutwa na kosa la upande wa pili.

Fauka ya hayo alitengeneza saa za bei nafuu, zenye akrabu moja tu, ambazo mnunuzi alilipa robo ya bei anapoagiza na iliyobaki anapoichukua. Wateja wake walikuwa wa kila upande. Napoleon alinunua kwake saa mwaka 1798, muda mfupi kabla ya kuivamia Misri. Na Seyyid Ali Efendi, balozi wa Dola ya Othmaniya aliyefika Paris mwaka 1797, alikuwa mteja wake na rafiki yake, na saa za Breguet zikapata soko kubwa Istanbul.

Hapa sisi watu wa pwani tuna la kutega sikio. Saa alizowaundia Waturuki alizitia tarakimu zile zile tunazozijua katika kurasa za msahafu. Na Waturuki wa zama hizo walihesabu saa kama tunavyohesabu sisi: jua likizama ni saa kumi na mbili, na saa moja baadaye ni saa moja ya usiku. Tofauti ni kwamba sisi tuko karibu na ikweta, na magharibi yetu haiendi mbali mwaka mzima. Ilhali Istanbul jua la kiangazi huchelewa kuzama kwa masaa kuliko la kipupwe, hata mwenye saa alilazimika kuirekebisha mara kwa mara. Ndiyo sababu kando ya misikiti palikuwa na nyumba za wajuzi wa nyakati, ambako watu walikwenda kuzilinganisha saa zao.

Sasa nafika kwenye kiini. Jina la Breguet lilipokuwa kubwa, wakatokea watu wa kulila. Saa duni zilitengenezwa kwingine, zikaandikwa jina lake usoni, wengine wakikosea hata herufi, zikauzwa kwa watu waliodhani wamenunua kazi ya bwana mkubwa. Breguet hakugombana na kila mlaghai. Yapata mwaka 1795 alibuni sahihi ya siri. Kwa chombo kiitwacho pantografu, kinachopunguza mwandiko mkubwa ukawa mdogo, alikwaruza jina lake na namba ya saa juu ya uso wa enameli, chini ya namba kumi na mbili, kwa mstari mwembamba hata ukiitazama saa moja kwa moja huoni kitu. Mpaka uinamishe, mwanga uipige kwa ubavu, ndipo jina litokeze. Na namba ile ilikuwa imeandikwa katika madaftari ya karakana, pamoja na jina la mnunuzi na bei.

Mimi ni mtu wa mashairi, na sahihi ile hunikumbusha desturi ya washairi wetu wa kutaja majina yao katika beti za mwisho, au kuyaficha katika herufi za mwanzo wa mishororo. Shabaha ni moja: kazi ijulikane ya nani. Lakini sisi tunayo na desturi ya pili, nayo ni takhmisi. Mshairi huchukua beti za mtangulizi wake, akatia mistari mitatu yake mbele ya miwili ya yule wa kale, kama alivyofanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasiri wa Pate kwa beti za Liyongo. Hakuna aliyepata kumwita mwizi. Kwa nini? Kwa sababu hakuficha. Kila msikilizaji ajua yapi ya Liyongo na yapi ya Sayyid Abdalla, na wote wawili hupata haki yao.

Breguet alifariki tarehe 17 Septemba 1823 akiwa na umri wa miaka 76, akazikwa katika makaburi ya Père-Lachaise, Paris. Saa ya malkia alikuwa hajaimaliza. Ilikamilika karakanani mwake mwaka 1827, miaka 34 baada ya kufa aliyetengenezewa.

Saa hiyo ilipita mikono mingi. Mwaka 1917 ilinunuliwa na Sir David Salomons wa Uingereza, na bintiye, Vera, akaiweka pamoja na nyingine katika jumba la sanaa za Kiislamu la L.A. Mayer alilolianzisha mjini Jerusalem, lililofunguliwa mwaka 1974. Usiku mmoja wa Aprili 1983 mwizi aliingia humo akaiba saa 106, na ile ya malkia ikiwamo. Kwa zaidi ya miaka ishirini haikuonekana. Basi mwaka 2005 kampuni yenye jina la Breguet ikaanza kuiunda upya. Mafundi wale hawakuwa na saa yenyewe mkononi. Walikuwa na maandishi, michoro na picha. Sanduku lake walilichonga kwa mbao za mwaloni wa Versailles, ambao chini yake yasemekana malkia alipenda kupumzika. Kabla hawajamaliza, saa ya asili ikapatikana, habari zikatangazwa mwaka 2007. Walimaliza kazi yao mwaka 2008 vivyo hivyo. Na namba waliyoipa haikuwa 160, bali 1160. Nadhani tarakimu ile moja ndiyo heshima kubwa kuliko dhahabu yote iliyomo ndani, kwa kuwa inamwambia kila mtazamaji: huyu ni mjukuu, si babu.

Kuna na jambo la saa ya mkono. Mwaka 1810 Caroline Murat, malkia wa Naples na dada yake Napoleon, alimwagiza Breguet saa ya kuvaa mkononi, na mwaka 1812 ikawa tayari, na ukanda wake umesukwa kwa nywele na nyuzi za dhahabu. Ni katika saa za mkono za mwanzo kabisa zinazojulikana duniani. Mwaka 1855 ililetwa kutengenezwa, na tangu hapo haijulikani iliko. Hata hivyo mwaka 2002 zilitolewa saa mpya za wanawake kwa kumbukumbu yake, zikaitwa kwa jina la malkia huyo. Hivyo saa isiyoonekana tena imezaa saa nyingine, na hakuna aliyedanganywa.

Kwa hivyo anayekaa usiku na koleo yake kuunda saa ya namna ya kale, mimi simlaumu. Kazi ya mkono ni neema, na kumfuata bwana wa kazi ni njia ya kujifunza. Na akitia jina lake mwenyewe chini, au asitie lolote, huyo amefanya takhmisi. Lakini akiandika jina la mwengine, akauzeesha uso kwa chai, kisha akaiuza kwa asiyejua kama ni urithi wa babu, huyo ni ndugu wa wale waliomlaghai mnunuzi kwa jina la Breguet. Chai ni ile ile na kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni nia na neno analomwambia mnunuzi. Wazee wetu walisema jina jema hung'ara gizani. La Breguet halihitaji giza. Hulitosha mwanga kidogo wa ubavuni, na mnunuzi mwenye subira ya kuinamisha saa.